Daktari wa Kwenye Simu na Mizani ya Mpingo

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujakaza miwani nianze na lile unalolitafuta: mimi si mgonjwa. Sijalazwa, sijafukuzwa, sijafichwa jambo wala sikufichi, na mkweo hajaacha kunipikia. Sasa kaa vizuri, vuta pumzi, na wewe unipe hali yako. Mguu wa kushoto umepoa? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au amejichua yeye? Na korosho zimeanza kuanguka? Huku kila mtu wa Newala ana taarifa yake ya korosho na zote zinapingana, kwa hiyo nangoja yako.

Najua binamu yangu Piusi amefika huko na habari mkononi. Mwezi uliopita alikuja hapa nyumbani, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. "Bonifasi, ni wewe?" Nikamwambia ni mimi, karibu. Akanizunguka. Akanywa chai, akala, huku macho yako mashavuni kwangu, na kabla hajaondoka akamvuta mke wangu pembeni kumuuliza kama nimeshapima. Kwetu mtu akikonda lazima awe na sababu mbaya: ama maradhi, ama mwanamke, ama kuna watu wamemfanyia kitu. Ndiyo maana ukanipigia unalia. Na simu yenyewe ya huko inakatikakatika, mimi nasema "nimepungua kwa dawa," wewe unasikia "dawa" unazidi kulia. Nikaona niandike.

Nimepungua, mama, tena kwa makusudi, na nina furaha mpaka mkono hautaki kufuata mstari. Utanisamehe mwandiko.

Nianze na mahali pa mjomba. Kaka yako, Mungu ampumzishe, alipokuja Dar alipata mahali pake katika banda letu la wachongaji huku karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Ni kipande cha ardhi chini ya bati, upana wa mkeka, kwenye nguzo ya tatu. Alikaa hapo hadi alipofariki, nikakaa mimi. Na unajua sisi hatuchongi kwa kusimama. Unakaa chini, unanyoosha miguu, gogo unalibana kwa nyayo, tezo inashuka katikati ya magoti. Miguu ndiyo inayoligeuza gogo. Mtu asiyeweza kubana kwa miguu, hata awe na mikono ya dhahabu, hapo hana kazi.

Basi mwanao akanenepa. Mwanzoni ulikuwa unene ule unaoupenda wewe, wa mtu aliyeoa vizuri. Nilisifiwa sana. Nilisifiwa mpaka nikawa siwezi kufunga kamba za viatu. Tumbo likatangulia, magoti yakaanza kuuma, nikikaa chini nyayo hazifiki kwenye gogo, na hata siku nyayo zikifika, pumzi inakwisha. Kuinuka ilikuwa lazima watu wawili wanivute. Mwaka wa kwanza nilijidanganya kwamba ni uchovu. Mwaka wa pili wakanihamishia kwenye meza, nikawa nasimama napiga msasa na kung'arisha kwa rangi ya viatu vinyago walivyochonga wenzangu. Wewe ulikuwa ukiniuliza kwenye simu, "Unachonga nini siku hizi?" na mimi nakutajia. Vile vinyago nilivyokutajia vyote vilikuwa vya Saidi. Nisamehe kwa hilo, liliniuma kila mara.

Kabla ya masika mwenyekiti wa banda akaitisha kikao. Akanitaja mbele ya watu.

"Bonifasi, mie sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini pale mahali pako miaka miwili sasa analala paka. Wenzako wanachonga juani. Mvua za vuli zikikukuta hujakaa pale, tunampa Saidi. Sie tumeshakubaliana."

Sikubisha. Ningekuwa mimi mwenyekiti ningesema hivyohivyo. Saidi ni mchongaji mzuri, ana watoto, na jua la Dar unalijua. Lakini nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mahali alipokaa kaka yako, alipotulipia ada za shule mimi na dada yangu kwa kukaa tu chini na tezo yake, panakwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ya tumbo langu. Ningekuambiaje?

Mkweo Tumaini unamjua, mwalimu yule halazi tatizo ndani ya nyumba. Akanihesabia: nimeacha wali, nikaurudia, nimetembea hadi Buguruni na kurudi mwezi mzima, nikirudi na njaa ya kula mlango, nimekunywa maji ya ndimu na tangawizi ya dada mmoja wa mtandaoni hadi tumbo likaniwaka. "Sasa tunakwenda kwa daktari," akasema. Nikamwambia hospitali nitashinda kwenye foleni. Akasema daktari huyu anakuja mwenyewe kwenye simu. Mume wa mwalimu mwenzake anatibiwa presha hivyo, anaonana na daktari kwa video, kisha anaandikiwa dawa anakwenda kuchukua duka la dawa.

Nikajua ananitania. Jumamosi yake nikavishwa shati la kanisani, nikakalishwa kwenye kiti nikitazama dirisha ili uso uonekane, simu imeegeshwa kwenye chupa ya chai. Mara akatokea binti mdogo mwenye koti jeupe. Anaitwa Daktari Koku, mtu wa Bukoba, maneno yake yanatembea polepole kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

"Shikamoo baba."

Nikaitika marahaba, na hapohapo nikaona aibu. Mtu akishakuamkia, utamwelezaje mambo ya tumbo lako? Lakini ananyamaza akikusikiliza, mama, hakimbizi maneno. Nilimweleza yote: magoti, pumzi, nguzo ya tatu. Akauliza ninakula nini, ninalala vipi, nimewahi kuumwa nini. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuota uvimbe shingoni. Nikasema simjui. Kama yupo uniambie, maana alisema swali hilo si la mapambo, akiwepo kuna dawa isiyonifaa. Hakuniandikia dawa siku ile. Akanituma maabara nikatolewe damu, na akataka uzito wangu.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipoharibu.

Mizani ya karibu kuliko zote ni ya bandani. Mpingo siku hizi tunaununua kwa kilo, na anayepima ni Mzee Chitanda, yule wa Kitangari aliyekuwa akimtania mjomba. Ni mizani ya kupanda juu, ina mshale mbele. Nikapanda. Tumbo langu lilinizuia kuuona mshale, lakini ya nini kuuona wakati mpimaji yupo? Mzee Chitanda akakaza jicho, akatangaza kama anavyotangaza siku zote, banda zima lisikie: "Tisini na saba." Nikaandika kwenye karatasi.

Majibu ya damu yalionyesha sukari imeanza kunyemelea. Daktari Koku akanipigia mara ya pili, akatazama karatasi zangu zote, akanieleza kwamba kuna sindano ya mara moja kwa wiki ambayo hupunguza hamu ya kula. Akanieleza na ubaya wake: kichefuchefu, tumbo kukorofisha, na kwamba si ya kila mtu, na kwamba siachi kutembea wala kuangalia sahani kwa sababu eti nina sindano. Bei yake tutaongea nikija, usije ukashindwa kumalizia barua. Cheti cha dawa kikaingia kwenye simu kabla hajakata. Nikampelekea mwenye duka la dawa, akakisoma, akanipa kijiboksi chenye kitu kama kalamu.

Mimi ninayekaa na patasi zinazochana ukucha niliiogopa ile kalamu. Tumaini ndiye aliyenichoma ya kwanza, Jumapili baada ya kanisa, nimefumba macho. Nilipofumbua nikamuuliza ataanza lini. Akasema ameshamaliza, anaosha vyombo.

Dawa yenyewe inataka ubaridi, na friji hatuna, kwa hiyo imelala kwa jirani anayeuza juisi ya ukwaju, nyuma kabisa, imeandikwa jina langu kwa kalamu nyekundu ili asije akamuuzia mtu.

Wiki mbili za mwanzo nilijuta. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa inanifukuza nyumbani. Lakini kuanzia ya tatu, mama, kitu kilitokea ambacho sijawahi kukiona tangu unizae. Tumaini alipika kisamvu cha nazi, unakijua kisamvu chake. Nikala matonge manne, la tano nikalitazama, nikalirudisha. Sikujilazimisha. Nilikuwa sina haja nalo. Mkweo alinuna siku nzima akidhani kimeungua. Mkanda nao ukaanza kurudi nyuma tundu moja, halafu la pili. Nilikuwa natembea hapa mtaani kama niliyeteuliwa.

Mwezi ukaisha. Daktari akataka uzito mpya. Mzee Chitanda alikuwa amekwenda msibani Kilwa na ufunguo wa chumba cha mizani mfukoni. Hata sikuhangaika, nikaenda sokoni Buguruni kwa wale wenye mizani ya kupima watu. Mia na tatu. Nikamwambia mwenye mizani, ndugu yangu, mizani yako ina tatizo. Akasema ameipima kwa mfuko wa unga asubuhi ileile. Nikaenda duka la dawa. Mia na tatu.

Kutoka tisini na saba. Nimeongezeka kilo sita, mama, na suruali inanivuka.

Nikamsomea Daktari Koku namba hizo kwenye simu.

"Baba, sindano unachoma kila wiki?"

"Kila Jumapili."

"Inakaa kwenye friji? Umeme haukatiki huko kwenu?"

"Unakatika, lakini jirani huwa anaweka barafu."

"Na chakula?"

Hapo Tumaini akaingiza kichwa chake mbele ya simu. "Daktari, nyumbani halagi. Labda ishu iko huko anakoshinda."

Yaani mke wangu mwenyewe. Daktari akasema, kwa upole, kwamba hawezi kuendelea kuniandikia dawa asiyojua kama inafanya kazi au imeharibika au inanidhuru. Anaisimamisha. Nipime tena, tuonane wiki inayofuata, kisha ataamua. Simu ikazima nikabaki najitazama mwenyewe kwenye kioo chake, na shati langu la kanisani.

Wiki ile nyumbani palikuwa pazito. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini shati linavuliwa linanuswa, kama kuna harufu ya chipsi. Nilinuswa hadi vidole. Nikaapa kwa jina la mjomba, Tumaini akasema nisimtaje marehemu kwenye mambo ya chipsi. Na mimi mwenyewe nilianza kujishuku. Nikawa nawaza labda nakula bila kujijua. Nikienda bandani namwona Saidi amekaa juani, mara mojamoja anatupa jicho kwenye nguzo ya tatu. Sikumlaumu, lakini nilichukia kumwona.

Jumatatu Mzee Chitanda akarudi. Sikumpa nafasi ya kushusha begi. Nikamwomba anipime kabla sijaonana na daktari. Nikapanda. Akakaza jicho, akatangaza: "Tisini na tatu."

Furaha ikanipanda, halafu ikasimama katikati, maana Buguruni walisema nini? Nikainama. Na mama, kwa mara ya kwanza, tumbo lilikubali. Nikauona mshale kwa macho yangu. Ulikuwa umetulia kwenye mia na tatu.

"Mzee, mbona mshale unasema mia na tatu?"

"Ndiyo. Mia na tatu."

"Na wewe umesema tisini na tatu."

"Nimeshatoa ganda."

Tezo zilisimama banda zima.

Wewe ni dada wa mchongaji, hili unalijua, lakini nilieleze kwa ajili ya yeyote utakayemsomea. Mpingo una moyo mweusi, na huo moyo ndio tunaoutaka. Kwa nje umezungukwa na mti mweupe ambao tunauchonga na kuutupa. Kwa hiyo gogo likipanda kwenye mizani, mpimaji hatangazi uzito wote. Katika kila kilo kumi anatoa moja ya ganda, ndipo anatangaza. Ni desturi tangu enzi za mjomba, muuzaji anaijua, mnunuzi anaijua. Hata mimi naijua. Nimeisikia kila siku ya maisha yangu bandani, na bado nilipanda pale juu nikaandika nilichotangaziwa.

"Mzee," nikamwambia, "mie nina ganda?"

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mtu mzima yule, akaona haya. "Nimezoea, mwanangu. Miaka yote hii sijawahi kupima mtu. Kitu kikishapanda hapo mdomo unatoa wenyewe."

Tukapiga hesabu kwa mkaa sakafuni, watu wamejaa. Ile tisini na saba ya kwanza ilikuwa mia na nane. Mia na nane mpaka mia na tatu. Mama, nilikuwa nimepungua kilo tano, na wiki nzima nanuswa shati. Nilicheka hadi nikashika nguzo. Kisha nikamtumia Tumaini ujumbe akiwa darasani, akanijibu neno moja tu, pole, na jioni akanipikia kuku ambaye sikuweza kummaliza.

Daktari nilionana naye palepale bandani, simu imeegeshwa kwenye gogo. Nikamweleza habari ya ganda. Hakuelewa. Nikaeleza tena, ikawa mbaya zaidi, akaniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Ndipo Mzee Chitanda akaichukua simu mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Daktari, mwanangu, kosa ni langu. Huyu hajala chipsi. Mie nilimpima kama gogo."

Hakucheka. Alitaka nipande kwenye mizani yeye akiona. Na nani aliyeishika simu, akapiga magoti vumbini ili mshale uonekane sawasawa? Saidi. Hakuna aliyemwomba. Daktari Koku akasoma mia na tatu, akaandika, ndipo akaweka kiganja mdomoni na mabega yakaanza kumtikisika. Akairudisha dawa, akaipandisha kidogo kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kisha akaniuliza nataka kufika kilo ngapi.

"Kilo sizijui, daktari," nikasema. "Nataka nyayo zangu zifike pale."

Nikamgeuzia simu aone nguzo ya tatu. Paka alikuwepo. Akasema basi tutapima na hapo. Tangu siku ile kila tukionana nasoma mshale mwenyewe, halafu nakaa chini nimeegemea nguzo, nanyoosha miguu, Mzee Chitanda anapiga mstari wa mkaa pale nyayo zinapoweza kukutana na kubana. Daktari alinionyesha na mazoezi ya magoti, ya kufanya kwenye mkeka. Tumaini anayafanya na mimi, anasema ni kunisindikiza, ila naona na yeye ameshaanza kujitazama kwenye kioo.

Mia. Tisini na saba, safari hii ya kweli. Tisini na nne. Mistari ya mkaa ikawa inasogea. Mwezi wa tisa nilijiinua kutoka chini kwa mkono mmoja kwenye nguzo, bila mtu, na wenzangu wakajifanya hawajaona ili nisilie.

Leo nina kilo tisini na moja. Sukari imerudi mahali pake, daktari amesema. Hajaniahidi kwamba dawa hii ni ya milele wala kwamba mwili hautajaribu kurudi ulikotoka, ameniambia wazi kabisa kwamba huenda ukajaribu. Nimemwelewa. Lakini sikiliza kilichotokea.

Jumatatu iliyopita nilitoa tezo ya mjomba kwenye sanduku, nikainoa. Nikachagua gogo dogo, la saizi ya paja la mbuzi. Nikamwondoa paka. Nikakaa. Nikanyoosha miguu, nikalibana gogo kwa nyayo, nikatazama chini nikaviona vidole vyangu vyote kumi, vimezeeka bila mimi kujua. Nikashusha tezo. Ganda jeupe likaruka, la pili likaruka, nikasikia ile harufu. Nilichonga hadi mchana, miguu ikafa ganzi, nikainuka nikazunguka banda, nikarudi nikakaa tena kwa sababu tu naweza kukaa tena.

Mvua ya kwanza ya vuli ilishuka Alhamisi. Ilikuja ghafla, wote wa nje wakakimbilia ndani, Saidi akiwa amekumbatia zana zake, ameloa. Ikanikuta chini, mama. Nilikuwa nachonga mguu wa kinyago wakati bati linaanza kulia.

Mwenyekiti alipita akanitazama, akaenda zake. Sikujua amekubali au anahesabu, maana kusema kweli siku nne si miaka miwili, na Saidi amesimama pale anachuruzika maji. Nikaendelea. Ijumaa nikamaliza. Ni mwanamke amekaa chini amenyoosha miguu, anapepeta. Si kazi nzuri sana. Kisigino kimoja kimezidi, mkono ulikuwa umesahau, na shingo ningeipa nafasi kidogo.

Jumamosi, jana, akaingia mgeni mmoja na mizigo yake, anawahi ndege. Akapita kwenye meza zote, akaja kusimama mbele yangu, akamwokota yule mwanamke. Akampenda. Akaniuliza bei, nami nikafungua mdomo kuitaja kwa pupa, maana ni miaka miwili sijauza kitu nilichokichonga mimi.

"Hicho hakiuzwi," sauti ikasema nyuma yangu. Ilikuwa ya mwenyekiti. "Muonyeshe vingine. Hiyo ni kazi yake ya kwanza."

Unaijua desturi. Anayeanza kuchonga, kazi ya kwanza haiuzwi, inakwenda kwa mama yake. Mimi yangu nilikuletea nikiwa na miaka kumi na mitatu. Wenzangu wote wanajua mimi si mwanafunzi. Lakini mwenyekiti alisema vile kwa sauti, banda lote likisikia, na kazi ya kwanza hufanywa na mtu mwenye mahali. Kisha akamgeukia Saidi, akamwambia asogeze meza ya msasa ukutani, apate nafasi yake chini ya bati palepale ilipokuwa meza. Meza haina tena mtu wa kusimama nyuma yake. Saidi akacheka, akaja akaniomba nimsaidie kuibeba. Nikainuka, tukaibeba.

Nisalimie shangazi, mwambie namba ya daktari sitoi, kwanza yeye aende akapimwe presha, dawa hii si ya kugawana kama sukari. Nisalimie mke wa marehemu mjomba, umsomee hapo penye tezo. Dada yangu mwambie ada za shule za mwanawe nimezisikia, tutazungumza. Katekista mshukuru kwa sala. Piusi umpe chai, umwambie nimeshapima, na majibu ni kilo tisini na moja. Tumaini anakuamkia na anasema mazoezi ya magoti yanakufaa na wewe, atakuonyesha Krismasi tukija.

Mfuko huu anaokuletea dereva una khanga mbili na sabuni. Chini kabisa, ndani ya gazeti, yumo huyo mwanamke anayepepeta. Mpokee, mama. Kisigino utanisamehe.

Mwanao wa nguzo ya tatu,
Bonifasi